Malazi na Vichezeo vya Wanyama wa Nyumbani



Juma hili ukurasa wetu unazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo: mbwa, paka au sungura wa nyumbani alalie nini, na achezee nini. Huenda wako watakaocheka na kusema kwamba mnyama ni mnyama tu, atalala popote na kutafuna chochote. Usemi huo si wa kweli. Mnyama alalaye katika uchafu huwaletea watoto viroboto, funza na choa. Naye mnyama atafunaye kila aokotacho huweza kufa kwa maumivu makali katika siku chache, hali watoto waliompenda wakimtazama wasijue la kufanya. Katika kota zetu, ambamo mara nyingi jamaa nzima hukaa katika chumba kimoja au viwili, afya ya mnyama na afya ya mtoto ni majirani wa ukuta mmoja.

ADUI ALIYEJIFICHA MALALONI

Watu wengi wakiona viroboto juu ya mbwa hudhani kwamba wamewaona wote. Lakini askari aliyefunzwa kazi yake ajua kuwa adui aonekanaye si jeshi zima. Viroboto walioko mwilini ni wachache. Mayai yao hudondoka mahali mnyama alalapo, na mabuu yatokayo humo huishi katika vumbi, katika nyufa za sakafu na ndani ya nyuzi za blanketi, yakila mavi makavu ya viroboto wakubwa, ambayo hasa ni damu. Baadaye kila buu hujifungia ndani ya kifuko kidogo, na humo laweza kungoja kwa miezi mpaka lisikie mtikisiko wa miguu au joto la mwili. Ndiyo sababu nyumba iliyofungwa muda mrefu, mwenyewe akiwa kazini mbali, humpokea kwa viroboto siku ile ile afunguapo mlango.

Kwa hiyo, kumwosha mbwa bila kufua malazi yake ni kazi bure. Tena kiroboto hakuishii katika kuuma. Mtoto anayecheza na mbwa au paka akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya, aweza kupata aina moja ya tegu ambayo kwa kawaida ni ya wanyama hao.

Adui wa pili ni funza. Mdudu huyu hakuwa mwenyeji wetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 aliingia Angola pamoja na mchanga uliobebwa na merikebu iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kulivuka bara hili hadi Afrika ya Mashariki. Hapa Uganda twakumbuka mwaka 2010, wakati funza walipowatesa sana watu wa Busoga. Funza hukua katika vumbi kavu la sakafu ya udongo, na mguu wa mbwa, wa paka au wa nguruwe humfaa sawasawa na mguu wa mtoto. Mahali mbwa alalapo pasipofagiwa huwa shamba la funza, na mavuno yake huvunwa na watoto waendao miguu mitupu.

Adui wa tatu ni nzi wa embe. Nzi huyu hutaga mayai yake katika mchanga wenye harufu ya mkojo au mavi, na katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Buu lake hupenya ngozi ya mbwa au ya mtu, likaleta jipu lenye tundu katikati. Mama wengi huzipiga pasi nguo za mtoto mchanga pande zote mbili kwa sababu hiyo. Wanafanya vema, lakini wasisahau kitambaa anacholalia mbwa, maana mbwa ndiye anayeshambuliwa zaidi na nzi huyu.

KITANDA KIFAACHO

Kitanda cha mbwa au cha paka hakitaki fedha nyingi. Sanduku la mbao lililo wazi juu lafaa sana, mradi misumari yote iwe imepigwa ikazama na kingo zimepigwa msasa. Liinuliwe shubiri moja kutoka sakafuni kwa vipande vya mbao au matofali. Sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili usiku, na vibanda vya bati huwa tanuri mchana na baridi alfajiri. Basi mchana sanduku liwe kivulini penye upepo, na usiku liwe mbali na mlango. Lisiwekwe karibu na jiko la makaa, wala chini ya kitanda cha mtoto.

Ndani ya sanduku watandikie kitambaa cha pamba kilichopindwa kingo, au gunia safi la kahawa lililoshonwa ukingo wake ili nyuzi zisilegee. Viwe viwili: kimoja kitumike wakati kingine kinafuliwa. Kila juma kifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, kianikwe juani, kisha kipigwe pasi ya moto. Siku hiyo hiyo sanduku lenyewe lisuguliwe, na sakafu chini yake ifagiwe mpaka pembeni.

Sasa yafaa kutaja vitu visivyofaa, maana hapa ndipo wengi hukosea.

Magunia ya nailoni hufumuka kwa urahisi. Nyuzi zake hujifunga miguuni mwa mtoto wa mbwa mpaka damu ikazuiliwa, nazo zikimezwa haziyeyuki tumboni.

Magunia na makopo yaliyowahi kubeba dawa ya kuua wadudu, dawa ya kupe au mbolea yasitumiwe kabisa, hata yakioshwa mara kumi. Mnyama hujiramba mwili kutwa, na sumu iliyobaki katika nyuzi humwingia kwa ulimi.

Vipande vya sponji ya godoro huonekana vizuri kwa ulaini wake. Lakini mtoto wa mbwa huvitafuna na kuvimeza, navyo huweza kuziba utumbo.

Chandarua kikuukuu kilichotiwa dawa kisitandikiwe paka. Dawa zilizotiwa humo ni za jamii moja na permethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja vizuri kama la mbwa liwezavyo. Paka aliyepata nyingi hutetemeka, hupatwa na kifafa na aweza kufa. Kwa sababu iyo hiyo, unga wa viroboto uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa asipakwe paka, na mbwa aliyepakwa leo asilale sanduku moja na paka. Vidonge vyeupe vya kufukuza nondo navyo visiwekwe katika malazi ya mnyama yeyote, kwani ni sumu.

Neno moja kwa mabwana wa nyumba: blanketi la kijivu la Serikali halikuandikiwa mbwa. Siku ya ukaguzi, bwana wa bohari hatakubali kwamba nusu ya blanketi imo sandukuni na nusu ya pili imo tumboni.

SUNGURA ANA MAHITAJI YAKE

Sungura wengi hufugwa katika vizimba vya waya, na waya ukiwa ndio sakafu peke yake nyayo zake hupata vidonda visivyopona upesi. Mwekee ubao laini wa kukalia, pamoja na majani makavu ya kutosha. Majani yaliyolowa mkojo yaondolewe kila siku, kwa kuwa harufu yake kali huunguza pua na mapafu. Ukiingiza kichwa kizimbani na macho yakawasha, fahamu kwamba sungura amekwisha kuteseka kabla yako.

Unga wa mbao wa vumbi jepesi haufai, wala maranda ya msonobari mbichi na mwerezi yenye harufu kali. Vibaya zaidi ni maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, hasa zile zenye rangi ya kijani, maana dawa za namna hiyo huweza kuwa na aseniki.

Sungura jike huchukua mimba kwa siku kama 31. Kwa hiyo siku ya 28 mwekee kisanduku chenye majani makavu laini. Yeye mwenyewe atajinyofoa manyoya ya kifuani awatandikie watoto wake, ambao huzaliwa uchi na vipofu. Asiyemwekea kisanduku asishangae akikuta watoto wametawanyika juu ya waya, wamekufa kwa baridi.

MASWALI MATATU KABLA YA KUMPA KICHEZEO

Mnyama mchanga hutafuna kwa sababu meno yanamwota, na mkubwa hutafuna kwa sababu amechoka kukaa bure. Kumpiga hakutamponya, dawa ni kumpa kitu cha kufaa. Kabla ya kumpa, jiulize maswali matatu. Je, kitu hiki chaweza kupita kooni? Je, chaweza kukatika vipande? Je, kabla ya leo kilikuwa kimebeba nini? Kikishindwa hata swali moja, kiache.

Tuanze na mbwa. Gunzi la mahindi, kokwa la embe na kokwa la parachichi ni vitu vinavyotupwa kila uani, na mbwa huvipenda. Navyo ni miongoni mwa vitu vinavyoziba utumbo wa mbwa mara nyingi, kwa sababu humezwa vizima na tumbo haliwezi kuvisaga. Taka za jikoni zifunikwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vijiti vyenye ncha kama sindano, hivyo isitolewe. Mpira mdogo unaoenea mdomoni mzima huweza kuteleza ukaziba koo; mpira wa mbwa uwe mkubwa kiasi kwamba hawezi kuuingiza nyuma ya magego yake. Mpira wa watoto uliotengenezwa kwa majani makavu ya mgomba uachiwe watoto, maana mbwa ataufumua na kumeza kamba zake.

Ama kiatu kikuukuu, hicho ndicho kichezeo ambacho askari wengi humpa mtoto wa mbwa. Tatizo ni kwamba mbwa hajui tofauti ya kiatu kilichostaafu na kiatu cha gwaride. Vyote vina ngozi, vyote vina harufu ya bwana wake. Umemfundisha mwenyewe kwamba viatu ni chakula, kisha wamlaumu asubuhi ya ukaguzi! Zaidi ya hayo, kamba na vijicho vya chuma vya kiatu humezwa pamoja na ngozi.

Kichezeo chema cha mbwa hutengenezwa nyumbani. Chukua vipande vitatu virefu vya kitenge kikuukuu au nguo nyingine ya pamba, uvisuke kama msichana asukavyo nywele, mpaka unene upate kadiri ya kifundo cha mkono, kisha upige fundo kubwa kila mwisho. Mbwa ataking'ata na kukivuta, naye hatavunja jino. Kikianza kutoa nyuzi, kitupwe na kisukwe kingine.

Paka huhitaji tahadhari ya namna nyingine. Ulimi wake una miiba midogo inayoelekea nyuma, kwa hiyo uzi ukishaingia mdomoni hauteremki ila kuelekea tumboni. Uzi huo huweza kunasa chini ya ulimi upande mmoja na kuteremka utumboni upande wa pili. Utumbo hujikunja juu yake, na uzi hukata kama msumeno. Akina mama washonao unipoti na mashuka wasiache uzi, sindano wala utepe juu ya mkeka. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni mwa paka au nyuma yake, usiuvute kamwe, kwani utaupasua utumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi. Wale wakaao karibu na Ziwa, Jinja na Entebbe, wafiche pia mishipi na ndoana.

Paka hatafuti kitu cha thamani. Karatasi iliyofinyangwa, boksi tupu lililokatwa matundu mawili na gogo lenye gome la kuchakuria kucha vyatosha kumfurahisha. Unyoya uliofungwa kwenye kijiti ni mchezo mzuri, lakini uwe mkononi mwako, na baada ya mchezo ufungiwe kabatini.

Sungura naye meno yake hukua maisha yake yote, hivyo hana budi kuyapunguza kwa kutafuna. Mpe matawi ya mpera au ya mforsadi. Usimpe matawi ya mnyaa wa uzio, kwa sababu utomvu wake mweupe huunguza mdomo na macho. Watoto pia waambiwe hivyo.

Betri kuukuu za redio na tochi, makopo yenye kingo kali, na vyuma visivyojulikana si vichezeo vya mnyama wala vya mtoto. Wazazi wakaao karibu na viwanja vya shabaha wanajua ninachosema. Mtoto aonywe kwamba ganda la risasi, na hasa kitu kizima asichokijua, hakiokotwi wala hakirushiwi mbwa akakichukue. Akikiona aondoke, akamwambie mtu mzima.

FUNZO KUTOKA NG'AMBO

Katika Ulaya na Marekani wako watu wafugao mnyama mwembamba aitwaye fereti, wa ukoo mmoja na kicheche wetu. Hapo zamani alifugwa ili aingie mashimoni kuwafukuza sungura, na siku hizi wengi humfuga kwa kupenda tu. Hulala sehemu kubwa ya siku mahali penye giza, na aamkapo hutafuna. Hupenda mpira mlaini kuliko kitu kingine, na madaktari wa huko humjua kwa ugonjwa wa kuzibika utumbo. Kwa hiyo wafugaji wake hawamwachii kandambili, kifutio cha shule wala sponji, na malazi yake hawayatengenezi kwa taulo lenye vitanzi vya nyuzi, maana kucha zake hunasa humo. Sheria hizo mbili zamfaa vile vile paka wa Nsambya na mtoto wa mbwa wa Mbarara.

Lakini mtu asije akasoma haya akaenda kumkamata kicheche au nguchiro porini amfuge. Wanyama pori wana sheria zao, nao waweza kuwa na kichaa cha mbwa kabla hujaziona dalili.

DALILI ZA HATARI

Mnyama aliyemeza kitu hutapika mara kwa mara, hukataa chakula, hukunja mgongo kwa maumivu, hujikakamua asipate choo, kisha hulegea. Usimpe mafuta ya kula, wala maziwa, wala vidonge vya binadamu. Paracetamoli, kwa mfano, huweza kumwua paka hata kwa kidonge kimoja. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, umweleze ni kitu gani kimepotea nyumbani. Mara nyingi upasuaji ndio huokoa, nao hufaa ukiwahi.

Mwisho, mkono wa mtoto usiwe kichezeo. Mtoto wa mbwa azoeaye kuuma vidole kwa mchezo ataviuma akiwa mkubwa bila mchezo. Kila mbwa na paka achanjwe dhidi ya kichaa kama daktari aagizavyo. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakina kupona.

Tena, amri ya uhamisho ikija, msimwache mnyama nyuma ya kota. Mbwa aliyeachwa hugeuka mzururaji, akala jalalani, akauma watoto wa wale waliobaki. Mchukueni pamoja na sanduku lake, na kitambaa chake safari hiyo msikifue. Harufu yake ya zamani itamtuliza katika kambi mpya. Kama hamwezi kumchukua, mtafutieni mtu wa kumtunza kabla lori halijafika.

Basi, watoto, Jumamosi hii fueni kitambaa cha mbwa wenu na mfagie chini ya sanduku lake. Nanyi akina baba mkirudi kutoka zamuni, mkague kazi hiyo kama mkaguavyo silaha. Kwaherini mpaka juma lijalo.